Jinsi ya kukagua mwenyewe kama sayari ya mbali inaweza kubeba uhai

Habari ikitangaza kwamba sayari fulani "huenda ina uhai", mara nyingi vilivyopimwa ni vitu viwili tu: ukubwa wake na muda inaotumia kuizunguka nyota yake. Mengine yote yamekokotolewa kutokana na hivyo viwili, na baadhi ni makisio matupu. Hesabu zenyewe si ngumu. Kikokotoo cha simu chenye kitufe cha kipeuo kinatosha, na takwimu zinapatikana bure. Mfano tutakaoutumia ni TRAPPIST-1e, mojawapo ya sayari saba za nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 40 hivi, kwa sababu ni sayari chache ndogo zilizopimwa vizuri kiasi hicho.

Kupata vipimo

Fungua NASA Exoplanet Archive. Hifadhi hii ilivuka sayari 6,000 zilizothibitishwa mwezi Septemba 2025, na haihitaji kujisajili. Unahitaji safu sita: muda wa mzunguko kwa siku (pl_orbper), nusukipenyo cha sayari (pl_rade), tungamo lake (pl_bmasse), kisha halijoto ya nyota (st_teff), nusukipenyo chake (st_rad) na tungamo lake (st_mass). Vya sayari vimelinganishwa na Dunia, vya nyota vimelinganishwa na Jua, isipokuwa halijoto ambayo iko katika kelvini. Kwa TRAPPIST-1e utapata takriban siku 6.10, nusukipenyo 0.92, tungamo 0.69, nyota ina kelvini 2,566, nusukipenyo 0.119 na tungamo 0.09.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi kabla hawajaanza. Hifadhi ina majedwali mawili makuu. La kwanza lina safu mlalo nyingi kwa sayari moja, kila moja ikitoka kwenye utafiti wake. Chagua ile ambayo default_flag yake ni 1. La pili, lile la muhtasari, limeziba mapengo kwa kuchanganya tafiti tofauti, na pale ambapo tungamo au nusukipenyo hakijapimwa, limekikadiria kutokana na kile kingine kwa kanuni ya wastani. Ukitumia makadirio hayo kutafuta densiti, unazunguka palepale: utapata jibu lililokwisha kuwekwa ndani ya kanuni. Soma safu ya pl_bmassprov. Ikisema "M-R relationship", tungamo halikupimwa. Ikisema "Msini", hilo ni tungamo la chini kabisa linalowezekana, na tungamo halisi linaweza kuwa kubwa zaidi.

Proxima Centauri b, jirani yetu wa miaka ya nuru 4.24 aliyetangazwa mwaka 2016, yuko katika hali hiyo. Alipatikana kwa kuyumba kwa nyota yake. Hajawahi kuonekana akipita mbele yake, kwa hiyo nusukipenyo chake hakuna anayekijua, hata kama jedwali limeandika namba.

Nuru inayoifikia

Kwanza tafuta mng'ao wa nyota. Gawa halijoto yake kwa 5,772, ambayo ndiyo ya Jua, kisha jibu lizidishe lenyewe mara nne (kipeo cha nne). Zidisha kwa nusukipenyo cha nyota kikiwa kipeo cha pili. Kwa mfano wetu: 2,566 ÷ 5,772 ni 0.4446, kipeo chake cha nne ni 0.0391, mara 0.119 × 0.119 unapata 0.00055. Nyota hii hutoa nuru isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya nuru ya Jua.

Pili, umbali. Geuza siku ziwe miaka: 6.10 ÷ 365.25 ni 0.0167. Kipeo chake cha pili kizidishe kwa tungamo la nyota, halafu chukua kipeuo cha tatu. Utapata 0.0293, yaani sayari iko karibu na nyota yake kwa sehemu ya thelathini na nne ya umbali wa Dunia na Jua. Hii ni kanuni ya tatu ya Kepler, na haijali sayari imetengenezwa kwa nini.

Sasa gawa mng'ao kwa kipeo cha pili cha umbali. Jibu ni 0.65 hivi: TRAPPIST-1e hupokea theluthi mbili ya nuru tunayopokea sisi. Kwa kulinganisha, Zuhura hupokea 1.91 na Mirihi 0.43. Ukipata jibu la ajabu, angalia mambo mawili: ikiwa ni 0.00025 hivi, umesahau kugeuza siku kuwa miaka; ikiwa ni 0.41 hivi, umeingiza halijoto ya nyota kwa selsiasi.

Mipaka ya ukanda ambamo maji yanaweza kuwa majimaji, inayotumika sana kwa nyota kama Jua, ilikokotolewa na Ravi Kopparapu na wenzake mwaka 2013: kutoka 0.99 hadi 1.67 ya umbali wa Dunia na Jua, sawa na nuru ya 1.02 hadi 0.36. Dunia yenyewe iko ukingoni kabisa upande wa joto. Kwa nyota vibete nyekundu, yaani nyota ndogo na baridi kama TRAPPIST-1, mipaka yote miwili hushuka, kwa sababu nuru yao nyingi ni ya infraredi, ambayo mvuke wa maji na kaboni dioksidi huifyonza kwa urahisi, hivyo nuru kidogo hupasha joto zaidi. Kwa 0.65, TRAPPIST-1e imo ndani bila ubishi.

Usishangilie bado. Zidisha 278.5 kwa kipeuo cha nne cha nuru (bonyeza kitufe cha kipeuo cha pili mara mbili) upate halijoto ya mwili usio na hewa na usioakisi chochote. Kwa TRAPPIST-1e ni kelvini 250, yaani 23 chini ya sifuri kwa selsiasi. Kama unataka kuweka uakisi, toa sehemu inayoakisiwa kwenye 1, chukua kipeuo cha nne, zidisha. Dunia inaakisi 0.3, na hesabu inatoa kelvini 255, nyuzi 18 chini ya sifuri, wakati wastani wetu halisi ni nyuzi 15 juu ya sifuri. Zuhura ina mawingu yanayoakisi takriban 0.76, na hesabu inatoa kelvini 229, baridi kuliko ya Dunia! Juu ya ardhi yake kuna nyuzi 464. Tofauti yote hiyo ni kazi ya angahewa, na angahewa haimo popote katika namba tulizoingiza. Kwa hiyo kuwa ndani ya ukanda maana yake ni kwamba maji yanaweza kuwa majimaji juu ya ardhi ikiwa kuna maji, ikiwa kuna angahewa, na ikiwa hiyo angahewa ni ya aina inayofaa. Mtu akiruka maneno hayo matatu ya "ikiwa", amekuuzia zaidi ya alichonacho.

Ni mwamba au ni gesi?

Gawa tungamo kwa kipeo cha tatu cha nusukipenyo, kisha zidisha kwa 5.51. TRAPPIST-1e: 0.69 ÷ 0.779 × 5.51 ni takriban gramu 4.9 kwa sentimita ya ujazo. Ni mwamba, mwepesi kidogo kuliko Dunia. K2-18b, sayari nyingine iliyovuma sana kwenye habari, ina tungamo 8.6 na nusukipenyo 2.6, densiti yake inatoka 2.7. Hiyo haiwezi kuwa mwamba mtupu. Ama ina maji mengi sana, ama blanketi nene la hidrojeni, au vyote viwili, na densiti peke yake haikuambii ni lipi.

Kama tungamo halijapimwa, tumia kipimo cha haraka: juu ya nusukipenyo 1.6, sayari nyingi si mwamba tena. Kumbuka pia kwamba kosa katika nusukipenyo linajizidisha mara tatu humu. Asilimia 10 tu ya kutokuwa na hakika inakuwa takriban 30 kwenye densiti, kiasi cha kutosha kugeuza bahari kuwa chuma.

Tabia ya nyota

Sayari zilizo karibu hivi na nyota huelekea kugeuza upande mmoja daima, kama Mwezi unavyofanya kwa Dunia. Hilo peke yake haliui matumaini, kwani angahewa nzito inaweza kusambaza joto hadi upande wa giza. Tatizo kubwa ni utoto wa nyota. Kibete chekundu hung'aa kuliko kawaida yake kwa mamia ya mamilioni ya miaka kabla hakijatulia, na sayari inayoonekana leo ina nuru ya kadiri huenda ilichemshwa kwa muda wote huo. Kisha kuna milipuko ya mionzi inayokwangua hewa. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipima joto la TRAPPIST-1b, dada wa ndani kabisa, ikapata takriban kelvini 500 upande wa mchana, dalili ya mwamba usio na angahewa ya maana. Hiyo haihukumu TRAPPIST-1e, lakini usiiache nje ya mahesabu yako.

Je, hewa yake inaweza kuonekana?

Sayari inapopita mbele ya nyota, huziba nuru kwa kiasi cha nusukipenyo chake kugawa kwa cha nyota, kipeo cha pili. TRAPPIST-1e huziba nusu asilimia. Dunia mbele ya Jua ingeziba 0.0084 tu ya asilimia. Angahewa huongeza ukingo mwembamba juu ya hapo. Kadiria unene wake hivi: 8.314 mara halijoto, gawa kwa zao la uzito wa gesi (kilo 0.028 kwa moli kwa naitrojeni) na mvutano wa sayari. Mvutano wa TRAPPIST-1e ni 0.82 ya wetu, sawa na 8.0. Jibu ni mita 9,300 hivi, yaani kilomita 9.3, na gesi zenye nguvu huonekana hadi mara tano hivi ya hapo, kilomita 46.

Zidisha 2 kwa nusukipenyo cha sayari kwa kilomita na kwa unene huo (2 × 5,860 × 46), gawa kwa kipeo cha pili cha nusukipenyo cha nyota, kilomita 82,800. Unapata sehemu 80 kwa milioni. Fanya hivyohivyo kwa Dunia na Jua, inatoka sehemu moja kwa milioni. Ndiyo maana wanaastronomia wanang'ang'ania vibete vyekundu licha ya kasoro zao zote. Badilisha naitrojeni kwa hidrojeni iliyochanganyika na heliamu (0.0023) na unene unakua mara kumi na mbili, hiyo nayo inaeleza kwa nini vichwa vya habari hujaa sayari zenye hidrojeni, ambazo ndizo zisizofanana nasi.

Kinachovuruga kazi hapa ni madoa ya nyota. Madoa ya kibete chekundu ni baridi kiasi kwamba mvuke wa maji huweza kuwepo ndani ya nyota yenyewe. Mwaka 2023 James Webb iliona alama ya maji kwenye sayari ya GJ 486 b, na watafiti wakashindwa kuamua kama maji hayo ni ya sayari au ya nyota.

Wakisema wameona gesi ya uhai

Oksijeni peke yake haitoshi. Mionzi ikivunja mvuke wa maji na hidrojeni ikatorokea angani, oksijeni hubaki bila kiumbe hata mmoja. Methani nayo hutoka kwenye miamba na volkano. Zikionekana pamoja, hapo kaa wima: hizo mbili hulana, kwa hiyo lazima kuna kitu kinachozitengeneza mfululizo. Na kukosekana kwa oksijeni hakumalizi hoja, kwani Dunia ilikuwa na vijidudu muda mrefu kabla oksijeni haijajaa hewani, takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita.

Halafu uliza sigma ngapi, yaani alama imeizidi kelele ya vipimo kwa kiasi gani. Aprili 2025 timu ya Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge ilitangaza dalili ya dimethili salfaidi kwenye K2-18b, gesi ambayo hapa duniani hutolewa hasa na vijimea vidogo vya baharini, kwa sigma 3. Maana yake ni kwamba kelele peke yake ingeweza kutoa alama kama hiyo kwa uwezekano wa asilimia 0.3. Si kwamba uhai upo kwa asilimia 99.7. Timu nyingine zilizochambua data ileile hazikuridhika, na gesi hiyohiyo imepatikana kwenye kimondo chenye mkia 67P, mahali pasipo na bahari wala vijimea.

Ili kupanga madai kama hayo, tumia ngazi saba zilizopendekezwa na wanasayansi wa NASA mwaka 2021. Ya kwanza ni kuona alama. Ya pili, kuondoa uchafuzi wa vifaa. Ya tatu, kuonyesha kwamba uhai unaweza kuitoa katika mazingira hayo. Ya nne, kufuta vyanzo vyote vinavyojulikana visivyo vya uhai. Tatu za juu zinadai alama nyingine huru na uchunguzi wa kurudia. K2-18b bado inagombana na ya kwanza.

Mahali hesabu hii isipofika

Yote haya yanahusu maji ya juu ya ardhi yanayopashwa na nyota. Zohali hupokea nuru ya 0.011, na kwa kanuni yetu ungeitupa pamoja na miezi yake. Lakini Enceladus, mwezi wake wenye upana wa kilomita 500 hivi, una bahari chini ya barafu, inayopashwa na mvuto unaoukanda mwezi huo kila unapozunguka. Chombo cha Cassini kilipita katikati ya mvuke unaoruka kutoka kwenye nyufa zake; hidrojeni iliripotiwa mwaka 2017 na fosfeti mwaka 2023. Kwa miili ya aina hiyo weka kikokotoo pembeni, tafuta vyanzo vitatu: maji, kemia ya kaboni, na nishati isiyo ya nuru. Europa Clipper, iliyorushwa Oktoba 2024, itafika Mshtarii mwaka 2030 kupima hayo kwenye Europa. Haikubeba kifaa cha kutambua uhai, kwa hiyo habari yoyote itakayosema imeuona, irudishe ngazi ya kwanza.