Maji yakishatoka ndani: tope kwanza, Jik baadaye

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unaanzia milima ya Pugu. Ndiyo maana mvua inaweza kunyesha huko usiku kucha, Jangwani na Kigogo pakawa pakavu, kisha alfajiri maji yakawa mlangoni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha wengi wa bondeni hadi Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Waliobaki, na waliorudi, wanajua kwamba kazi yenyewe huanza maji yakishashuka. Mwongozo huu ni wa siku hizo, kwa nyumba ya matofali ya saruji, sakafu ya saruji, choo cha shimo uani na pengine kisima. Iwe Rufiji au Kilosa, au Nyando na Tana River kule Kenya, mpangilio ni huohuo.

Na mpangilio ndio unaowashinda watu. Kila masika utamwona mtu amenunua chupa tatu za Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, na kuzimwaga juu ya tope. Klorini humalizwa na uchafu wa kwanza inaokutana nao. Ikikuta tope, inaishia kwenye tope, na sakafu iliyo chini yake haijaguswa. Hela imekwenda, nyumba inanuka kama wodi, na watoto wanaharisha vilevile.

Kabla ya kuvuka kizingiti

Subiri kuche. Zunguka nyumba kwa nje na utazame chini ya kuta kama maji yamechimba udongo mpaka msingi ukaonekana. Tazama pembe za juu za milango na madirisha. Ufa mpya unaokwenda mshazari kutoka hapo, au ukuta uliotoa tumbo, maana yake usiingie kabla fundi mwashi hajaona. Mlango ukikwama usiupige teke. Huenda mbao zimevimba tu, lakini huenda pia fremu imebeba ukuta uliokaa vibaya.

Nyumba ya matofali ya udongo mabichi ni hadithi nyingine. Hiyo mara nyingi huanguka maji yakiwa yameshaondoka, jua linawaka, watu wako ndani wanatoa vyombo. Ukikwaruza sehemu ya chini ya ukuta kwa kijiti na kijiti kikazama, watu walale kwingine.

Umeme: zima swichi kuu kama tu unaifikia ukiwa umesimama pakavu na mkono ukiwa mkavu. Kama lazima ukanyage maji ili uifikie, iache, piga simu TANESCO wakate kwenye nguzo. Mita ya LUKU kuonekana imezima si ushahidi wa kitu chochote.

Uani, usimruhusu mtu kukatiza karibu na choo cha shimo kabla ya kupima ardhi kwa mti mrefu, ukisimama mbali. Maji hulainisha kingo za shimo kutoka chini, juu pakabaki panaonekana pazima.

Mavazi ni gambuti, glavu za mpira nene na suruali ndefu. Maji ya mafuriko ya mjini yamepita vyooni, na mkojo wa panya uliomo ndani yake huambukiza kupitia mikwaruzo ya ngozi. Ukijikata, osha kwa sabuni na maji safi palepale na uende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa sindano ya pepopunda. Ukishikwa na homa ndani ya wiki mbili tatu, pima malaria, lakini mwambie pia daktari kwamba ulizoa tope la mafuriko. Asipojua hilo, hatafikiria homa ya panya.

Tope

Usianze kuzoa wakati maji ya nje yako juu kuliko sakafu yako, kwa sababu yatarudi. Kwa walio chini kabisa ya Msimbazi, tazameni na bahari: maji yakijaa pwani, ya Jangwani yanakosa pa kwenda. Fanyeni kazi maji yakipwa.

Lizoe likiwa bado laini. Tope likikauka linakuwa kama lipu, na utalibandua kwa patasi. Lakini piga hesabu kabla ya kuita vijana. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye tope la sentimita 2 kina lita 180, yaani ndoo 18 za lita 10, na uzito wake unakaribia kilo 300. Nyumba ya vyumba vinne ni zaidi ya tani moja. Kwa hiyo jaza ndoo nusu tu, au tumia karai na toroli, na mpokezane. Wanaojaza ndoo mpaka ukingoni wanaumia migongo kabla ya adhuhuri.

Anza chumba cha mbali kabisa na mlango, ukirudi kinyumenyume kuelekea nje. Beleshi bapa linafaa kuliko la ncha, na kipande cha ubao wa sentimita 60 chenye mpira wa tairi uliopigiliwa misumari kinasukuma tope jepesi vizuri kuliko ufagio wowote. Usilimwage mtaroni. Lirundike mahali litakapobebwa, vinginevyo mvua ya kesho inakuta mtaro umeziba na maji yanarudi kwako.

Likishaisha, osha kwa maji mengi, ukuta kwanza kisha sakafu. Kwenye ukuta kutakuwa na mstari wa maji. Osha mpaka sentimita 30 hivi juu ya mstari huo, kwa sababu lipu hufyonza maji kwenda juu. Sugua kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, kisha suuza. Maji ya kusuuzia yakitoka bila rangi ya udongo, hapo ndipo Jik inafunguliwa.

Klorini kwa vipimo

Vipimo hivi ni vya Jik ya kawaida yenye asilimia 3.5, isiyo na manukato. Soma lebo, nguvu ikiwa tofauti, kipimo kinabadilika.

Kwa sakafu, kuta na meza, nusu lita katika ndoo ya lita 20. Pakaa, acha pabaki pabichi dakika 10, kisha suuza. Pale palipoonekana kinyesi, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji. Changanya ya kutosha siku moja tu, maana jua na joto huiua. Fungua madirisha. Na usiichanganye kamwe na dawa ya chooni yenye asidi wala yenye amonia: hewa yake huunguza mapafu.

Maji ya kunywa, chemsha mpaka yatokote kwa dakika moja. Kuni na mkaa vikiwa vimelowa, chuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne, acha yatuame, mimina ya juu kwenye chombo safi, kisha weka nusu kijiko cha chai cha Jik kwa lita 20, koroga na usubiri dakika 30. Yakiwa bado na ukungu, kijiko kizima. Dawa maalumu ya maji kama WaterGuard ni bora zaidi. Fuata kipimo cha kwenye kifungashio chake.

Kinachotupwa

Hapa ndipo ugomvi wa ndani ya nyumba ulipo. Godoro la sponji lililolowa maji ya mafuriko linatupwa. Linaoshwa juu, linaanikwa siku nne, linanukia sabuni, na katikati bado ni bichi na chafu. Likiwa limelowa kwa mvua safi iliyovuja darini, hilo laweza kuokolewa.

Unga, mchele, maharage na sukari vya gunia au mfuko vinatupwa. Mahindi yaliyolowa yakianikwa yanaonekana mazima, lakini sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haionekani wala haiondoki kwa kupikwa. Usimpe hata kuku. Chakula cha kopo lisilobonyea wala kutoboka kinabaki: ondoa karatasi, andika jina kwa kalamu, osha kwa sabuni, kisha litumbukize kwenye maji ya Jik. Chupa na madumu ya kifuniko cha kuzungusha hayaaminiki, kwani uchafu hukaa kwenye mikunjo ya mdomo. Sufuria zinachemshwa. Mwiko, kibao cha kukatia na chuchu za chupa za mtoto nunua vipya.

Mtungi wa gesi huelea na kugongwagongwa. Utoe nje, osha, badilisha regyuleta iliyoingiwa na tope, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha. Povu likitoa mapovu mapya, usiwashe.

Friji isichomekwe "ili tuone tu kama inafanya kazi". Kujaribu huko ndiko kunakoiua. Ikauke, na fundi afungue nyuma asafishe maungio. Soketi zote zilizofikiwa na maji badilisha. Ni bei ndogo. Tope kavu ndani ya kisanduku hufyonza unyevu wa hewani, hupitisha umeme kidogokidogo, na soketi inaungua wiki kadhaa baadaye, wakati watu wameshasahau mafuriko.

Vyeti na hati

Karatasi zilizogandamana usizibandue kwa nguvu. Zipitishe kwenye beseni la maji safi kuondoa udongo, zilaze juu ya kitambaa kivulini, na katikati ya kurasa weka karatasi nyeupe tupu unazozibadilisha zikilowa. Gazeti usitumie, wino wake unahamia. Ukungu huanza baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo kama ni nyingi, zifunge kwenye nailoni na uzigandishe kwenye friza ya jirani mpaka upate nafasi. Cheti kilichofungwa kwa plastiki kikiwa na maji ndani, kata ukingo mmoja ili kipumue. Kabla ya yote, vipige picha. Namba ya hati ikisomeka, safari ya kuomba nakala inakuwa fupi.

Kisima

Kisima kilichofunikwa na maji hakitumiki hata kwa kuosha vyombo mpaka kifanyiwe haya:

1. Safisha eneo la kuzunguka, ziba nyufa za ukingo.
2. Toa maji machafu na tope la chini. Nenda polepole: udongo umelowa, na kisima kikikaushwa haraka kuta zake zinaweza kuporomoka. Karibu na pwani kuna sababu ya pili, maji ya chumvi hupanda.
3. Pampu ya petroli ibaki juu na mbali na mdomo wa kisima. Hewa ya sumu iliyo kwenye moshi wake haina harufu ya kukuonya, na imeshaua watu walioteremka kumwokoa mwenzao.
4. Sugua kuta kwa maji ya Jik, acha maji mapya yaingie.
5. Pima kina cha maji. Kisima cha upana wa mita 1 kina takriban lita 785 kwa kila mita ya maji. Kwa kila lita 1,000 weka lita moja na nusu ya Jik, au gramu 75 za klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70 iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo ya maji.
6. Koroga kwa kushusha na kupandisha ndoo, funika, acha usiku kucha.
7. Chota na umwage mbali na bustani na samaki mpaka harufu ya klorini ibaki kwa mbali.

Kama choo kilichofurika kiko hatua chache kutoka kisimani, kazi yote hii haitadumu. Maji ya kunywa endelea kuyatibu ndoo kwa ndoo.

Kukausha

Fungua kila kitu mchana, sogeza makabati mbali na ukuta. Mwaga maji yaliyokaa kwenye matairi, vifuu na mapipa ndani ya wiki moja, kabla viluwiluwi havijawa mbu. Unga mweupe ukitokea ukutani ni chumvi inayotoka na unyevu. Ufagie kwa brashi kavu. Ukiuosha unaurudisha ndani.

Usikubali fundi apake rangi mapema, hasa ya mafuta. Bandika kwa utepe wa gundi kipande cha nailoni cha sentimita 40 kwa 40 ukutani, ukizibe pande zote nne, na ukiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji na rangi itatoa malengelenge. Rudia baada ya wiki mbili. Bloku za saruji zilizolala majini zinaweza kudai miezi.