Kumfundisha mtoto kusoma saa ya mishale: mkia ndio unaosema

Nafundisha watoto wa miaka sita na saba hapa Unguja, na kila mwaka naulizwa lilelile: "Mwalimu, mshale uko kwenye saba, mbona tunasema saa moja?" Ana haki ya kuuliza. Sisi twahesabu tangu kunapopambazuka, na uso wa saa unahesabu tangu usiku wa manane. Wapo wanaobandika namba zetu juu ya saa. Mimi sipendi, maana mtoto huyo akiitazama saa ya msikitini atapotea.

Kwanza, chora duara kubwa sakafuni kwa chaki. Mpe mtoto komwe (zile mbegu za kuchezea bao) kumi na mbili azipange: 12 juu, 6 chini, 3 na 9 ubavuni, kisha ajaze nafasi zilizobaki. Andika namba.

Pili, chukua kijiti cha chelewa kinachokaribia kufika ng'ambo zote mbili za duara, ukilaze kipite katikati. Huu ndio mshale mfupi, wa saa. Ncha moja ni kichwa. Nyengine ipake rangi nyekundu, huo ni mkia. Kichwa kikiwa 7, mkia uko 1: saa moja. Kichwa 10, mkia 4: saa nne. Kaa hapa wiki nzima, dakika usiziguse. Uliza kwa mambo anayoyajua: twaenda skuli saa ngapi? Chuoni kusoma Kurani je?

Mkia ukiwa kati ya namba mbili, saa ni ile iliyokwisha pita. Penye 12 na 1 wengi huteleza: wanaona 1 ni ndogo, wanasema saa moja unusu, kumbe ni saa kumi na mbili unusu. Rudia hapo mara nyingi, bila kumkaripia.

Tatu, mshale mrefu. Huu uanzie katikati, usiwe na mkia, kwani dakika hazigeuzwi. Mtoto aliyezoea kugeuza atataka kuugeuza na huu. Juu ni kamili, 3 na robo, 6 unusu, 9 kasorobo. Kwa kasorobo mwambie ataje saa inayokuja. Tano-tano zifuate baadaye.

Mwisho, kata mkia kidogo kidogo kila baada ya siku mbili. Ukishakwisha, shusha saa ya ukutani, umwache apitishe kidole kutoka mshale mfupi mpaka ng'ambo ya pili, aseme mwenyewe.