Fundi ameharibu vigae vya bafu: jinsi ya kufungua madai Mahakama ya Mwanzo, Arusha na Moshi

Bafu limewekwa vigae na fundi amelipwa. Baada ya muda maji yanatuama kwenye kona badala ya kwenda kwenye tundu lake, vigae vya ukutani vinaanza kubanduka, na upande wa pili wa ukuta rangi inavimba. Fundi hapokei simu. Wengi wetu hapo humeza hasara, au hukimbilia kituo cha polisi. Polisi watakwambia, na ni kweli, kwamba kazi mbovu ni uvunjaji wa makubaliano, yaani jambo la madai, si la jinai. Ni tofauti na mtu aliyepokea hela ya vifaa akatoweka bila kugusa kazi. Huyo polisi wanaweza kumshughulikia.

Madai ya fundi yanapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madai ya namna hii mpaka shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Lakini shauri hili hushinda au huanguka kabla hujafika kwa karani, kwa hiyo maelezo mengi hapa chini ni ya maandalizi.

Usivunje kitu kwanza

Hasira ikipanda, mtu huita fundi mwingine abomoe siku hiyo hiyo. Ukibomoa, ushahidi wako umeingia kwenye gari la kifusi. Anza kwa kupima. Gonga kila kigae kwa sarafu: kilichoshika vizuri hutoa sauti nzito, chenye uwazi chini yake hulia tupu. Weka alama ya chaki kwenye kila kinacholia tupu, kisha piga picha ukuta mzima na picha za karibu. Weka pimamaji sakafuni. Sakafu ya bafu inatakiwa iteremke kuelekea tundu la maji, kwa kawaida sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Mwaga ndoo ya maji, chukua video, subiri, kisha onyesha maji yalipobaki.

Kigae kilichobanduka chenyewe kitunze pamoja na saruji au gundi iliyoshika mgongoni mwake. Mgongo huo unaeleza mengi. Ukikuta mabonge matano tu ya gundi badala ya kutandazwa kote, sababu unaiona. Ukikuta mgongo safi kabisa, huenda kigae cha kauri kilipachikwa kwa saruji bila kulowekwa kwanza, kikanyonya maji ya saruji kabla haijashika.

Hapa uwe mkweli kwa nafsi yako. Vigae viwili vinavyolia tupu pembeni si shauri la kupeleka mahakamani. Kama bomba lililo ndani ya ukuta ndilo linalovuja, wa kuulizwa ni fundi bomba. Na kama wewe ndiye uliyeng'ang'ania vigae vipachikwe juu ya rangi ya mafuta ili kuokoa hela ya lipu, jua kwamba hilo ndilo fundi atakalolitaja mbele ya hakimu.

Kisha tafuta fundi mwingine akague, ikiwezekana mwenye cheti cha VETA cha uashi. Aandike alichokiona, sababu yake na gharama ya kurekebisha, atie sahihi na tarehe. Muulize mapema kama yuko tayari kuja kutoa ushahidi, kwa sababu karatasi haiwezi kujibu maswali ya fundi wako, na asiyekuja kuulizwa maneno yake hupungua uzito.

"Lakini hatukuandikishana"

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua pia makubaliano ya mdomo. Shida ni kuyathibitisha. Kusanya ujumbe wa malipo ya simu, mazungumzo ya WhatsApp, sauti alizokutumia, daftari ulilokuwa unaandikia hela ya ufundi, na jina la yeyote aliyekuwepo mkipatana bei. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kutumika kama ushahidi. Uchapishe, na simu yenyewe usiibadilishe wala kuifuta kumbukumbu zake mpaka shauri liishe.

Risiti za duka la vifaa zitafute zote, hasa za EFD. Gharama halisi unayodai lazima uithibitishe, na mahakama haitakupa milioni moja kwa kuwa umesema ni milioni moja. Dai kilichoharibika tu. Kama ukuta uko sawa na tatizo ni sakafu, usidai bafu zima. Dai lililovimbishwa linamfanya hakimu atilie shaka hata lile la haki.

Barua, kisha mtaa

Mwandikie fundi barua fupi isiyo na matusi. Mfano: "Tarehe fulani tulikubaliana uweke vigae katika bafu langu kwa shilingi kadhaa, nami nilikulipa zote. Kazi ina kasoro zifuatazo. Nakuomba urekebishe kwa gharama zako ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, au unilipe shilingi kadhaa za kumlipa fundi mwingine. Usipofanya hivyo nitafungua madai mahakamani." Mpe mbele ya shahidi, atie sahihi kwenye nakala yako. Akikataa, shahidi aandike kwamba amekataa. Tuma picha ya barua hiyo hiyo kwenye simu yake.

Barua isipojibiwa, nenda kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa anakoishi fundi, umwombe awaite wote wawili. Tafadhali usiidharau hatua hii. Fundi wa Sombetini au wa Pasua anaishi kwa jina lake, na kuitwa mbele ya mwenyekiti anayemjua kunamgusa kuliko vitisho vyako vyote vya simu. Baraza la Kata nalo lipo kwa kazi hiyo ya usuluhishi. Mkikubaliana, iandikwe nini kitafanywa na mpaka lini, mtie sahihi wote. Asipotokea, omba barua ya mtendaji inayoeleza kwamba aliitwa hakuja.

Ukiwa hapo, pata jina lake kamili na mahali anapoishi. Huwezi kumshtaki "Fundi Baba Neema". Jina linalotokea unapomtumia pesa kwa simu ni mwanzo mzuri, na mtendaji anaweza kulithibitisha. Kama uliyempa kazi ni kampuni, andika jina la kampuni kama lilivyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, na kama ni mkandarasi aliyesajiliwa unaweza pia kumlalamikia kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Arusha. Bodi inashughulika na usajili wake. Fidia bado utaidai mahakamani.

Kufungua shauri

Unaweza kufungua mahali fundi anapoishi au anapofanyia kazi, au mahali bafu lilipo. Kwa hiyo fundi wa Usa River aliyeharibu bafu la Njiro anaweza kuitwa Arusha Mjini. Kwa wa mjini Arusha ipo Mahakama ya Mwanzo Maromboso. Kwa wa Moshi ipo Mahakama ya Mwanzo Moshi Mjini. Ukikosea mahakama, karani atakuelekeza.

Fika asubuhi na kitambulisho, barua, picha na hesabu yako. Unaweza kuleta madai yako yameandikwa, au kuyaeleza kwa mdomo yakaandikwa hapo. Yawe na jina lako na la mdaiwa, makubaliano, malipo, kasoro, juhudi za kusuluhisha, na kiasi unachodai kikiwa kimechanganuliwa: vigae, saruji au gundi, ufundi wa kubomoa, ufundi wa kuweka upya, gharama za shauri. Utapewa kumbukumbu namba ya malipo, ulipie ada kwa simu au benki, na shauri lipate namba. Iandike mahali salama.

Usipoweza kuandaa haya mwenyewe, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure watu wasio na uwezo. Ulizia ofisi ya halmashauri. Moshi kuna pia shirika la KWIECO, linalosaidia hasa wanawake.

Baada ya hapo mahakama hutoa wito kwa mdaiwa. Uwe tayari kumwonyesha mpeleka wito nyumba au eneo la kazi la fundi, maana mashauri mengi hukwama hapo. Mdaiwa akipata wito na asije, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja. Wewe ukikosa kufika, shauri linaweza kufutwa.

Siku ya kusikilizwa hakimu anaitwa Mheshimiwa. Eleza kwa mfuatano wa tarehe, na kila ukitaja picha, risiti au kigae, omba kipokelewe kama kielelezo. Kilichobaki mfukoni hakihesabiwi. Mashahidi wako wakae nje mpaka waitwe. Kama kasoro haionekani vizuri kwenye picha, unaweza kuiomba mahakama ije kuliona bafu.

Wengi huuliza kama waoge nje mpaka hukumu itoke. Hapana. Ushahidi ukishakamilika na muda wa barua ukipita, rekebisha, hasa kama maji yanaingia ukutani. Sheria ya Mikataba inatazama pia kama ulichukua hatua ya kuzuia hasara isikue. Tunza risiti za marekebisho na baadhi ya vigae vilivyotolewa.

Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Ukishinda na fundi asilipe, rudi uombe kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa, kwa kutumia namba ile ile ya shauri. Mahakama haianzi yenyewe kumfuatilia. Akiomba kulipa kwa awamu, mkubalie mbele ya hakimu ili viwango na tarehe viandikwe kwenye jalada, na kila anapolipa mpe risiti uliyotia sahihi.