Kukaza bolti za flenji yenye gasketi ya kuhami umeme
Fundi wa mabomba ya gesi hapa Mtwara asiikaze flenji (ukingo bapa wa kuungia mabomba kwa bolti) yenye gasketi (kizibio cha katikati ya kiungo) ya kuhami umeme, yaani kuuzuia usipite, kama flenji ya kawaida, kwa sababu kazi ya gasketi hiyo ni kutenganisha bomba lililofukiwa na mitambo ya juu, ili umeme mdogo unaolikinga bomba dhidi ya kutu usipotee. Presha ikishatolewa yote, akague kwamba kila bolti imevikwa mrija na washa (pete bapa) zake za kuhami, kwani mrija mmoja uliopasuka unatosha kuunganisha pande zote mbili. Nyuzi za bolti, ambazo hewa yetu ya chumvi huzila upesi, ziwe safi, na zisipakwe grisi ya shaba wala ya grafaiti, maana hupitisha umeme.

Akaze kwa spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza, akivuka kutoka bolti moja hadi inayoikabili, kwa takriban asilimia 30 ya kiwango cha mtengenezaji, kisha 60, kisha 100, na hatimaye azunguke flenji yote mara moja. Kurefusha mpini kwa kipande cha bomba, tabia inayopendwa mno, ndiko kunakopasua washa. Uhami upimwe kwa kifaa maalumu, kwa kuwa mita ya kawaida ya omu, ipimayo ukinzani wa umeme, hudanganya umeme unapopata njia ardhini.