Kubadilisha Picha Nyingi kwa Mkupuo Ndani ya Slaidi Zilizokwisha Kutengenezwa

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, mimi na walimu wenzangu tumefundisha kwa slaidi nyingi tulizopokea kutoka Tanzania na Kenya. Maelezo yake ni mazuri, lakini picha zinampeleka mwanafunzi mbali: usafiri unaonyeshwa kwa daladala, soko kwa Kariakoo na mto kwa Rufiji, ilhali mtoto anayesoma Jinja amekulia mahali ambapo Nile inatoka ziwani. Wasilisho moja la msamiati lilikuwa na picha 62. Kuzibofya moja moja na kuchagua amri ya kubadilisha picha kungemaliza jioni nzima, na kila picha mpya ingeweza kuja na umbo lake na kuvuruga mpangilio. Njia ninayoieleza hapa huzibadilisha zote kwa pamoja, huku maandishi, uhuishaji na mahali pa kila picha vikibaki vilivyo.

Faili la PowerPoint lenye kiendelezi cha .pptx, muundo ulioanza na Office ya 2007, kwa kweli ni furushi la zipu. Ukilifungua kwa programu ya bure kama 7-Zip, utaona folda iitwayo ppt, na ndani yake folda ya media, ambamo picha zote zimehifadhiwa kwa majina kama image1.jpeg na image14.png. Slaidi yenyewe haibebi picha, bali hubeba kiungo cha jina la picha na vipimo vya fremu ambamo picha itatandazwa. Kwa hiyo ukiweka picha nyingine yenye jina lilelile mahali palepale, slaidi itaionyesha hiyo mpya.

Anza kwa kunakili faili lote na kuiweka nakala hiyo mbali, kwani kosa moja katika kazi hii linaweza kulifanya wasilisho likatae kufunguka. Kisha iambie Windows ionyeshe viendelezi vya mafaili, maana bila kuviona huwezi kutofautisha image5.jpg na image5.jpeg, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuharibu kila kitu. Picha iliyokuwa PNG ibadilishwe kwa PNG halisi, kwani kuandika .png mwishoni mwa jina la picha ya JPEG hakuigeuzi kuwa PNG. Picha za iPhone zilizo katika muundo wa HEIC ni lazima zigeuzwe kwanza.

Sehemu inayotaka utulivu ni kujua picha ipi inakaa wapi. Mara ya kwanza nilidhani kwamba namba ya picha ndiyo namba ya slaidi, nikaweka mtumbwi wa visiwa vya Ssese mahali pa korongo taji, na nikaligundua kosa hilo nikiwa mbele ya darasa. Namba hizo hazifuati lazima mpangilio unaouona kwenye skrini. Siku hizi naitoa folda ya media nje ya furushi, naitazama kwa vijipicha vikubwa huku wasilisho likiwa wazi kando yake, kisha naandika jedwali la safu mbili: jina la zamani, na picha mpya itakayolirithi. Kwa mfano, image9.jpeg, iliyokuwa daladala, inapokewa na teksi nyeupe yenye miraba ya bluu kutoka Kampala, na image23.jpeg, iliyokuwa Kariakoo, inapokewa na Soko la Nakasero. Zingatia pia kwamba picha iliyotumika katika slaidi kadhaa kwa kawaida huhifadhiwa mara moja tu, hivyo ukiibadilisha itabadilika kote, na kwamba nembo na mandhari ya nyuma nazo zimo katika folda hiyohiyo. Usizoziandika katika jedwali usiziguse.

Baada ya hapo linganisha umbo. Kwa kuwa picha hutandazwa kujaza fremu, picha ya uwiano wa 16:9 ikiingia katika fremu ya 4:3 itabanwa ubavuni na watu wataonekana warefu na wembamba kupita kiasi. Vilevile, ikiwa picha ya zamani ilikatwa pembeni au kuongezwa mwanga ndani ya PowerPoint, mpya nayo itakatwa na kuongezwa mwanga kwa kiasi kilekile. Programu za IrfanView na XnConvert zinaweza kukata na kupunguza picha nyingi kwa pamoja. Anayetumia ImageMagick, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, aingie katika folda ya nakala za picha mpya na kuandika amri hii:

magick mogrify -auto-orient -resize "1600x1200^" -gravity center -extent 1600x1200 *.jpeg

Amri hiyo huzisimamisha wima picha za simu zilizolala, huzipunguza hadi pikseli 1600 kwa 1200 na kukata kinachozidi kingoni, lakini huandika juu ya picha zenyewe, ndiyo maana nimesema nakala.

Ubadilishaji wenyewe ni mfupi. Funga PowerPoint, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, lifungue kwa 7-Zip kama furushi, ingia katika ppt kisha media, uburute picha mpya zenye majina ya zamani na kuzidondosha humo, na ukubali kunakili. Napendelea njia hii kuliko kulitoa furushi lote na kulifunga upya, kwa sababu wengi hufunga folda ya nje badala ya vilivyomo ndani yake, na PowerPoint hulikataa faili la namna hiyo.

Fungua wasilisho na upitie kila slaidi ukiwa na jedwali mkononi. Maandishi yaliyo chini ya picha hayajibadilishi, wala maelezo mbadala yanayosomwa na programu za kuwasaidia wasioona. Nilikuta teksi yangu ya Kampala bado ikitambulishwa kuwa daladala, na mwanafunzi asiyeona angesikia hilo tu. Rekebisha maelezo hayo kwa mkono, kisha uhifadhi.

Wanaotumia LibreOffice Impress watafuata njia hiyohiyo katika faili la .odp, ila folda yao inaitwa Pictures na majina ya picha ni marefu. Katika miradi ya video ya Kdenlive au Shotcut hakuna furushi la kufungua: mradi hukumbuka mahali picha zilipo kwenye diski, kwa hiyo unazibadilisha katika folda zilimo, kwa majina yaleyale, kisha unaufungua mradi upya.