Kuichambua namba kubwa: mfano wa 1,018,584

Namba ya tarakimu saba ni ngumu mpaka uvijue vigawanyo tasa vyake. Ukishavipata, idadi ya vigawanyo vyote, jumla yake na kundi la namba yenyewe utavipata kwa kuzidisha tu. Kwa hiyo nguvu nyingi ziweke mwanzoni.

Hatua ya 1: Maliza tasa ndogo

Tazama tarakimu tatu za mwisho: 584 ÷ 8 = 73, basi namba nzima inagawanyika kwa 8. Kwa 16 tazama nne za mwisho: 8,584 inaacha baki 8. Basi 2 inaingia mara tatu, haizidi hapo. Gawa, upate 127,323. Tarakimu zake zina jumla ya 18, kwa hiyo 9 inaingia. Inabaki 14,147, ambayo tarakimu zake zina jumla ya 17, na 3 imekwisha. 5 haimo. Gawa kwa 7, upate 2,021.

Kila tasa irudie mpaka ikatae. Wengi hugawa kwa 2 mara moja wakasonga mbele, na kipeo kikikosewa hapa, majibu yote yanayofuata yanaharibika.

Hatua ya 2: Usiiamini 2,021

Ukiitazama utadhani ni tasa. Kipeuo chake cha pili ni karibu 44.96, kwa hiyo jaribu 7 tena, kisha 11, 13, 17, na kuendelea hadi 43. Kupita hapo hakuna haja: namba isiyo tasa lazima iwe na kigawanyo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Ukifika 41 unapata baki 12, na aliyechoka huishia hapo akaandika "tasa". Imebaki moja tu: 43 × 47 = 2,021.

Kuna njia ya mwanahisabati Fermat, ya kuiandika namba kama tofauti ya miraba miwili, nzuri sana hapa. Mraba wa juu ulio karibu ni 45² = 2,025. Toa 2,021, inabaki 4, yaani 2². Basi 2,021 = (45 − 2)(45 + 2). Ijaribu hii kabla ya kuanza kugawa tasa moja moja.

Jibu: 2³ × 3² × 7 × 43 × 47. Hakiki: 504 × 2,021 = 1,018,584.

Hatua ya 3: Hesabu vigawanyo

Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 4 × 3 × 2 × 2 × 2 = 96. Aliyeiacha 2,021 kama tasa angepata 48, yaani amepoteza nusu.

Kwa jumla ya vigawanyo vyote, kila tasa ina mabano yake: (1+2+4+8)(1+3+9)(1+7)(1+43)(1+47) = 15 × 13 × 8 × 44 × 48 = 3,294,720.

Hatua ya 4: Ipange kwenye makundi

Toa namba yenyewe kwenye jumla hiyo: 2,276,136. Imezidi 1,018,584, kwa hiyo hii ni namba zidifu. Ingelingana ingekuwa timilifu, kama 6 au 28, ingepungua, pungufu. Kwa kweli kundi hili lilijulikana tangu hatua ya 1, kwani kila kigawe cha 6 kilicho kikubwa kuliko 6 ni namba zidifu.

Si mraba kamili, maana vipeo vya 2, 7, 43 na 47 ni witiri. Izidishe kwa 2 × 7 × 43 × 47 = 28,294 na utapata mraba wa 169,764.