Mimea hai kwenye tangi dogo la samaki

Tangi langu ni la lita 40, lipo sebuleni hapa Kirumba, Mwanza. Anza na mchanga: uoshe kwenye ndoo hadi maji yatoke meupe, utandaze unene wa vidole vitatu. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini ipungue.

Mimea ya ziwani hukua vizuri, ila usiingie majini peku kuichuma. Konokono wa kichocho hukaa humohumo kwenye majani. Mimi huvaa mabuti na glavu ndefu, kisha nakagua mmea mmoja mmoja kwenye beseni jeupe, glavu sivui. Pindua jani: mayai ya konokono ni kama tone la ute angavu. Kata jani lote. Magugu maji yaache hukohuko, tafadhali.

Mmea wa majini uitwao anubiasi, ukiupata, usifukie shina lake nene, litaoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe.

Taa saa 7 kwa siku; ikizidi, mwani hufunika kila kitu. Majani ya zamani yakioza wiki za mwanzo, usiing'oe mimea. Tazama katikati ya mmea, ndiko chipukizi hutokea. Chipukizi langu la kwanza lilitokea siku ya 12, kijani laini, nikamwita mama watoto aje aone.